Klipu ya jua: usiichague kwa weusi wake

Mtu anayeishi Mbezi au Kibaha na kufanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam hupigwa na jua usoni mara mbili kwa siku. Asubuhi anaelekea mashariki na jua limechomoza mbele ya kioo cha gari. Jioni anarudi magharibi, nalo limeshuka hadi usawa wa macho yake. Barabara ya Morogoro ndivyo ilivyolala. Dereva mwenye macho mazima huvaa miwani ya jua akaendelea na safari. Anayevaa miwani ya kuonea hana wepesi huo. Akiivua ili avae ya jua, kibao cha barabarani kinageuka ukungu na bodaboda anayechomekea anaonekana akiwa ameshafika. Akibaki na ya kuonea, mwanga unamjaa machoni. Wengi huishia kukunja uso, kuteremsha kizuia jua cha juu ya kioo na kuendesha kwa kukisia.

Kwa mtu huyu kuna kifaa kidogo ambacho maduka yetu mengi ya miwani hukiweka pembeni ya kabati, na mteja asipouliza haonyeshwi. Ni klipu ya jua: jozi ya vioo vyeusi visivyo na mikono, vinavyopachikwa juu ya miwani ya kuonea na kubanduliwa unapoingia ndani au kivulini. Macho yanabaki na vipimo vyake vilevile vya daktari, na jua linapunguzwa.

Nimevaa miwani tangu nikiwa sekondari, na klipu iko mfukoni mwangu kila siku. Ninaona watu wakiidharau, na wengine wakiinunua vibaya, yaani wakiokota yoyote iliyo nyeusi kwenye meza ya mchuuzi na kuilazimisha ikae juu ya fremu isiyolingana nayo. Msimamo wangu ni kwamba klipu ni nusu ya miwani. Inachaguliwa siku ileile na fremu, juu ya kaunta ileile, na jambo la mwisho kuliangalia ni weusi wake.

Tuanze na fremu, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Chukua miwani yoyote uitazame upande wa ndani wa mkono wake. Utakuta maandishi madogo ya aina hii: 52, kijimraba kidogo, 18, halafu 140. Hizo ni milimita. 52 ni upana wa lenzi moja, 18 ni nafasi kati ya lenzi na lenzi pale puani, na 140 ni urefu wa mkono mpaka nyuma ya sikio. Mara nyingi jirani na tarakimu hizo kuna namba ya modeli na namba ya rangi. Klipu iliyokatwa kwa fremu ya 52 haitakaa sawa kwenye ya 49, na hata fremu mbili za 52 zinaweza kutofautiana kimo na mkunjo wa pembe. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba klipu aliyoishika inaingia kwenye miwani yoyote, mpe miwani yako aivalishe mbele yako. Klipu ikiwa ndogo kuliko lenzi, mwanga unapenya pembeni na kuacha ukanda mweupe unaokera jicho kutwa nzima. Ikiwa kubwa, inaning'inia na kugusa shavu kila ukicheka.

Nguvu ya lenzi nayo ina neno lake. Mwenye lenzi za kuonea karibu zenye nguvu kubwa ana kioo kilichovimba katikati kwa mbele. Klipu bapa ikikaa juu yake hugusa pale katikati, ikasugua kila gari linaporuka tuta, na baada ya miezi michache lenzi ina doa la mikwaruzo mbele kabisa ya mboni. Huyu anahitaji klipu iliyopindwa kufuata mpindo wa lenzi yake. Njia ya kuhakikisha ni kuifunga klipu, kuigeuza miwani ubavu na kutazama kati ya vioo viwili kwenye mwanga wa dirisha: pawepo upenyo mwembamba kutoka ukingo hadi ukingo, pasiwe na mahali vinapokutana.

Namna ya kushika ndiyo inayotofautisha bei. Klipu za kulabu ndizo nafuu kuliko zote na ndizo zinazotembezwa mitaani. Zina kulabu nne ndogo na springi katikati, nazo hubana kwenye ukingo wa lenzi. Kabla ya kulipa, pitisha kidole kwenye kila kulabu. Unatakiwa uhisi mpira laini. Ukihisi chuma, au mpira uliokwishaanza kuchomoka, hiyo itachora lenzi ambazo zinaweza kuwa zimekugharimu mara nyingi ya bei ya klipu yenyewe. Kuivaa na kuivua kwataka mikono miwili. Anayeivuta kwa mkono mmoja huku ameshika usukani atapindisha fremu.

Klipu za kuinua zina bawaba juu ya pua, ukaweza kuvipandisha vioo hadi vikasimama kwenye paji la uso. Watu wengi huziona za wazee. Mimi naona zimeonewa. Mwenye lenzi za baifokali au progresivu, ambaye sehemu ya juu ya kioo chake ni ya mbali na ya chini ni ya kusomea, hapati nafuu kubwa kuliko hiyo. Mpimaji ardhi anayesoma chombo chake kisha kutazama bonde la mbali, mwalimu wa michezo anayeandika majina uwanjani, wakala wa fedha kwa simu anayekaa chini ya mwavuli na kusoma meseji kila dakika: kidole kimoja kinainua, kidole kimoja kinashusha. Kinachoharibika ni bawaba. Upepo wa bahari na chumvi yake huila ile springi ndogo, na bawaba iliyolegea huacha vioo vidondoke vyenyewe katikati ya safari.

Kisha kuna za sumaku, ambazo siku hizi ndizo zinazopendwa. Zimeenea baada ya wabunifu kutatua shida ya klipu kuporomoka. Mwaka 1996 Richard Chao wa Taiwan alipewa hataza nchini Marekani ya vioo vya ziada vyenye sumaku na vijikono vinavyoegemea juu ya fremu, ili uzito ubebwe na fremu na sumaku ibaki na kazi ya kushika tu. Kampuni za miwani ziliburuzana mahakamani huko Marekani kwa miaka mingi kuhusu nani ana haki ya kuuza muundo upi, jambo linaloonyesha fedha zilizokuwamo. Kwa mnunuzi, somo liko kwenye vile vijikono. Ishike klipu mkononi uangalie: je, ina sehemu inayopanda juu ya fremu au kuikumbatia puani, au imeng'ang'ania kwa sumaku peke yake? Yenye pa kuegemea itastahimili Barabara ya Kilwa na mashimo yake. Jaribio la dukani ni rahisi. Funga klipu, inama kama unayefunga kamba za viatu, tikisa kichwa, inuka. Ikianguka kwenye kapeti la duka, itaanguka kwenye mtaro.

Sokoni zimejaa seti za fremu moja nyepesi ya plastiki na klipu tano za sumaku za rangi tofauti. Bei yake huvutia na si vibaya kuinunua, mradi ujue unalipia nini. Kati ya zile tano utatumia moja, pengine mbili. Unachotakiwa kuhakikisha ni fremu yenyewe: je, ni imara kiasi cha kuwekewa lenzi zako? Mwambie fundi atakayekata lenzi ajaribu kuivuta ile fremu kidogo kabla hujalipa, maana fundi huyo ndiye atakayelaumiwa ikipasuka. Na fundi vyuma ajihadhari na sumaku: chembechembe za chuma kutoka kwenye msumeno hujikusanya hapo, akibandika klipu zinasaga kioo.

Sasa weusi. "Bosi, hii orijino, angalia ilivyo nyeusi," muuzaji atakwambia, na mteja ataiinua kuelekea nje, atakubali. Weusi hupunguza mwanga tunaouona. Mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye vibandiko, haionekani, na kinachoizuia ni malighafi ya lenzi au dawa iliyotiwa humo. Lenzi ya polikaboneti isiyo na rangi yoyote huzuia karibu mionzi hiyo yote, ilhali kipande cha plastiki duni cheusi tititi kinaweza kuipitisha. Tena nyuma ya kioo cheusi mboni hupanuka kutafuta mwanga, na kisichozuiwa hupata nafasi kubwa zaidi ya kuingia.

Jambo hili si la kupuuza kwa watu tunaoishi karibu na mstari wa ikweta. Ule utando wa nyama unaoota kutoka kona ya jicho upande wa pua na kutambaa kuelekea kwenye mboni, ambao kila mtaa wa pwani una wazee wenye nao, hutokea zaidi katika ukanda wa tropiki kwa watu wanaofanya kazi nje, na mionzi hiyo, pamoja na vumbi na upepo, ndiyo inayohusishwa nao. Mtoto wa jicho una sababu nyingi, umri ukiwa wa kwanza, kisukari na sigara zikifuata, lakini jua la miaka mingi nalo limo katika hesabu. Na joto si kipimo cha mionzi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila unapopanda mita 1,000, mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mkazi wa Mbeya au Nairobi anayetembea na sweta saa sita mchana anapata mionzi mikali huku akijiona salama kwa sababu ya baridi. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha takriban asilimia 15 ya mionzi hiyo, povu la bahari takriban asilimia 25, na mawingu mepesi huipitisha kwa wingi.

Unachotafuta kwenye klipu ni maandishi ya UV400, maana yake kuzuia mionzi yenye urefu wa wimbi hadi nanometa 400, unapoishia urujuanimno. Kibandiko chochote kinaweza kuchapwa na yeyote, kwa hiyo usikiamini peke yake. Maduka mengine ya miwani yana mashine ya kupima, na mteja ana haki ya kuomba klipu yake ipitishwe. Pasipo mashine, nenda kwa mwenye duka au wakala mwenye taa ya kukagulia noti. Weka noti chini ya taa, alama zake za siri zitawaka. Pitisha klipu kati ya taa na noti, na wewe uitazame noti kwa ubavuni, usiitazame kupitia kioo. Alama zikizimika au zikififia sana, klipu inafanya kazi. Zikiendelea kuwaka vilevile, rudisha mezani kwa mwenyewe, hata kama imeandikwa jina kubwa la kampuni.

Weusi wenyewe una kipimo. Kiwango cha kimataifa cha miwani ya jua, ISO 12312-1, kinagawa vioo katika makundi matano, kuanzia 0 hadi 4. Kundi la 2 hupitisha asilimia 18 hadi 43 ya mwanga, kundi la 3 asilimia 8 hadi 18, na kundi la 4 asilimia 3 hadi 8 tu. Kwa jua letu la mchana kundi la 3 linatosha. La 4 halifai kuendeshea gari, kwa kuwa anayepita ghafla kwenye kivuli cha miembe ya barabarani atashindwa kumwona mtembea kwa miguu aliyesimama pale. Kuhusu rangi, kijivu huacha rangi za vitu zilivyo, kahawia hukoleza tofauti kati ya kitu na kitu, nayo hupendwa na wanaotembea porini. Dereva achague mojawapo kati ya hizo mbili na kuachana na ya bluu na waridi.

Utasikia pia habari za lenzi za polaraizi, nazo zinastahili nafasi kubwa hapa kwa sababu pwani na maziwa yetu yanazihitaji kweli. Mwaka 1808, jijini Paris, mhandisi wa jeshi aitwaye Étienne-Louis Malus alitazama kupitia kipande cha fuwele jua la jioni lililokuwa likiakisiwa na madirisha ya Kasri la Luxembourg. Alipokizungusha, taswira ilififia kisha ikarudi. Alikuwa ameona kwamba mwanga ulioakisiwa na sehemu bapa si sawa na mwanga wa kawaida: mitetemo yake imelala upande mmoja. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1929, kijana wa Kimarekani Edwin Land aliomba hataza ya karatasi ya plastiki yenye fuwele ndogo mno zilizopangwa mkao mmoja, na mwaka 1937 akaanzisha kampuni ya Polaroid. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuondoa mng'ao wa taa za magari usiku. Watengenezaji wa magari hawakuichukua, miwani ya jua ikaichukua. Karatasi hiyo hufanya kazi kama fito za uzio zilizosimama: kipande cha bati kilichosimama kinapita katikati yake, kilicholala kinakwama. Mng'ao wa maji na wa lami iliyolowa umelala, basi unakwama.

Nenda Paje au Jambiani bahari ikiwa kavu, uone akina mama wa mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Wanainama majini kwa saa nyingi, uso ukielekea chini, na kofia haiwasaidii sana kwa sababu mwanga unawajia kutoka kwenye maji. Polaraizi huuzuia mng'ao wa namna ile kikamilifu kuliko wakati wote jua likiwa kama digrii 37 juu ya upeo, yaani karibu na saa mbili na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Mama mwenye miwani ya kuonea akipachika klipu ya polaraizi anaona kamba, kigingi na mwani wenyewe chini ya maji pale ambapo mwenzake anaona kioo cheupe. Mvuvi wa Ziwa Victoria naye huona mwamba kabla haujaugusa mtumbwi.

Ukitaka kujua kama klipu ni ya polaraizi kweli, simama kwenye mlango wa duka, tazama kupitia kwake boneti ya gari lililoegeshwa juani, halafu izungushe klipu polepole. Mng'ao wa boneti unatakiwa ufifie na kurudi. Usipobadilika, umeuziwa plastiki nyeusi kwa bei ya polaraizi. Wakati huohuo angalia skrini ya simu yako ukiwa umeivaa, kwa wima na kwa ulalo, kwa kuwa baadhi ya skrini huwa nyeusi kabisa katika mkao mmoja. Anayesoma ramani ya simu akiendesha, au mwenye mashine ya kulipia, ajue hilo mapema. Kwenye vioo vya madirisha ya pembeni ya gari utaona pia madoadoa ya mraba. Ni mgandamizo wa kioo chenyewe kilipopikwa kiwandani, hakuna kilichoharibika.

Wengi huuliza kwa nini wasinunue tu lenzi za kubadilika rangi, zile zinazokuwa nyeusi juani na kurudi nyeupe ndani. Ni lenzi nzuri kwa anayetembea kwa miguu. Kwa dereva zina udhaifu mkubwa: zinaamshwa na urujuanimno, na kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo ndani ya gari zinabaki karibu nyeupe wakati jua linamchoma machoni. Tena joto huzidhoofisha. Lenzi ileile inayokuwa nyeusi sana kwenye asubuhi ya baridi ya Makete haifiki weusi huo mchana wa Tanga. Miwani ya pili ya jua yenye vipimo vya daktari ndiyo bora kwa kuona, nami sina ubishi nayo kwa mwenye uwezo. Gharama yake ni lenzi jozi mbili, na vipimo vikibadilika zote mbili zinabadilishwa. Klipu inabaki ileile, fremu ikiwa ileile.

Kuna kundi ambalo kwalo haya yote ni suala la kusoma au kutosoma. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino kwa idadi ya wakazi. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu mmoja kati ya 1,400, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Ukosefu wa melanini hauko kwenye ngozi pekee. Duara linalozunguka mboni na sehemu ya nyuma ya jicho navyo havina rangi ya kutosha, mwanga unaingia kwa wingi, macho yanacheza, na uoni wa mbali ni hafifu. Kazi kubwa imefanyika upande wa ngozi: katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun kwa ajili yao. Upande wa macho, mtoto mara nyingi hupewa miwani ya kuonea bila kinga ya jua, au miwani nyeusi ya jua bila vipimo. Akiwa na ile nyeusi darasani, haoni ubao. Akiwa na ile nyeupe uwanjani, hafumbui macho. Klipu inayolingana na miwani yake inatatua yote mawili: anaibandika mlangoni mwa darasa akitoka, anaibandua akiingia. Wanaogawa miwani mashuleni na wafadhili wao waombe klipu katika oda ileile ya fremu, kwa sababu kuja kuitafuta baadaye kwa fremu ya mtoto wa miaka minane ni kazi ngumu kwa mzazi wa kijijini. Na kofia pana ibaki kichwani. Ukingo wake peke yake unaweza kupunguza hadi nusu ya mionzi inayofika machoni.

Yako mambo mawili ambayo klipu isitumike kwayo kabisa. La kwanza ni kuchomelea. Gereji nyingi utamkuta kijana anachomelea geti akiwa na miwani ya jua tu. Cheche ya umeme hutoa mionzi mikali kuliko jua linavyotuletea, ikiwemo ile ambayo angahewa hutukinga nayo, na hakuna klipu ya kundi lolote iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usiku macho yake yatauma kana kwamba yamejaa mchanga, na yakiumia mara kwa mara madhara hujijenga. Anahitaji ngao ya kuchomelea. La pili ni usiku barabarani. Klipu za njano zinauzwa kwa maneno kwamba hupunguza mwanga wa taa za magari yanayokuja. Watafiti wa Boston walizijaribu kwenye mtambo wa kuigiza udereva, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Ophthalmology hayakuonyesha kwamba zinamsaidia dereva kumwona mtembea kwa miguu. Kioo chochote chenye rangi hupunguza mwanga, na usiku mwanga ni haba. Mwenye kusumbuliwa na taa za usiku aende kupimwa, huenda ana mtoto wa jicho unaoanza au vipimo vyake vimepitwa na wakati.

Waendesha bodaboda nao niwaseme kwa ufupi: upepo hung'oa klipu ya kulabu na hata ya sumaku, basi wasiivae bila kofia ngumu yenye kioo cha mbele kilichoshushwa.

Utunzaji wake ni mwepesi, ila watu huukosea. Klipu iliyotoka baharini au kwenye vumbi isuuzwe kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ifutwe kwa kitambaa laini cha miwani. Kuipangusa kwa ncha ya shati au kanga ikiwa kavu ni kuikwaruza kwa mchanga wake yenyewe. Usiiache juu ya dashibodi. Gari lililofungwa juani hupata joto linaloweza kupasua dawa ya juu ya kioo na kuitenganisha ile karatasi ya polaraizi na lenzi. Ukiona mistari kama ya maji ndani ya kioo ambayo haifutiki, hiyo imeshaachana. Iwe na kiboksi chake kigumu, kwa kuwa mfukoni pamoja na funguo haimalizi wiki.

Mwisho, siku ya kununua, kabla ya kuondoka dukani, piga picha ya yale maandishi yaliyo ndani ya mkono wa fremu, modeli, rangi na vipimo, pamoja na karatasi ya vipimo vya macho yako. Klipu hupotea zaidi kuliko miwani, na duka likiwa na namba hizo linaweza kuagiza nyingine ya fremu hiyohiyo. Zikikosekana kwa sababu fremu imeacha kutengenezwa, fundi mwenye mashine ya kukata lenzi anaweza kuchonga klipu mpya kwa kufuata umbo la miwani yako. Itabidi umwachie miwani hiyo kwa muda, basi mwulize mapema atakaa nayo siku ngapi, hasa kama ndiyo pekee uliyonayo.